Mafundi wa Joto Lililofichika

Katika kijiji cha Katuruka, Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, palikuwa na mti ulioitwa Kaiija. Wazee wa hapo walirithishana simulizi kwamba Rugomora Mahe, Mukama (mfalme) wa Kyamutwara wa karne ya 17, aliwakusanya wahunzi karibu na mti huo akawaamuru wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, apate kuona kulivyo huko. Karibu na mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliisikia simulizi hiyo. Wengine wangeiandika kama hadithi ya kulalia. Yeye aliwaamini wazee, akachimba walipomwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Uchimbaji uliofuata huko Kemondo, kando ya Ziwa Victoria, ulifukua matanuru mengine ya kale: mashimo, vipande vya mabomba ya udongo, na mavi ya chuma yaliyoganda yakiwa na alama za matete ya kinamasi. Alama hizo zilikuwa kama sahihi. Wahunzi walijaza shimo matete, wakayachoma mpaka yakawa mkaa mwepesi, kisha juu yake wakapanga mkaa wa miti na mawe yenye chuma. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya ambao walikuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa waliombwa kuifanya tena. Walijenga tanuru, wakaingiza mabomba ya udongo hadi ndani kabisa, wakavuta mivukuto, wakapata chuma. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari zake mwaka 1978 katika jarida la Science. Maelezo yao kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa yalibishaniwa na wataalamu wengine, na ubishi huo ni wa haki. Ustadi wenyewe haubishaniwi. Ili mavi ya chuma yayeyuke na kujitenga, tanuru lazima lifike karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi, na lidumu hapo kwa saa nyingi, bila kipimajoto, na bila mtu kuweza kuchungulia katikati ya moto. Mhunzi alikuwa na rangi ya mwako mdomoni mwa bomba, sauti ya upepo, na kumbukumbu ya mara zote alizowahi kusimama pale.

Nimeanza na hao kwa sababu ya hiyo namba, 1,200.

Mbali sana na Kemondo, kuzunguka nyota ambazo ndiyo kwanza zinazaliwa, kuna mavumbi yaliyojipanga kama sahani pana, diski, na nyota iko katikati. Mavumbi hayo ni chembe za madini ya mawe na chuma. Yaliyo mbali na nyota ni baridi. Kadiri diski inavyoikaribia nyota ndivyo yanavyopata moto, mpaka pafike mahali ambapo chembe haiwezi kuvumilia tena, inageuka mvuke. Hapo ndipo diski inapokoma, na ukingo wake husimama kama ukuta unaowaka. Joto la ukuta huo ni karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi. Ni joto la tanuru la Kemondo, na kitu chochote chenye joto hilo hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake katika urefu wa mawimbi wa mikroni 2 hivi, nje kidogo ya upeo wa macho yetu. Huo ndio mwanga wa infraredi, na wapo watu ambao kazi yao ya maisha ni kuupima, nyota moja baada ya nyingine, usiku baada ya usiku, kutazama unavyopanda na kushuka. Ninawaheshimu watu hao kuliko ninavyoweza kueleza kwa haraka, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Eneo wanalolirudia zaidi liko juu ya paa zetu. Bukoba iko nyuzi 1 na dakika 20 kusini mwa ikweta. Nebula ya kundinyota la Orion, ambalo kwa Kiswahili huitwa Jabari, iko nyuzi 5 na ushee kusini mwa ikweta ya anga. Maana yake ni kwamba katikati ya Februari, mvua za vuli zikiwa zimepita na masika haijaanza, kiasi cha saa tatu kasorobo usiku, nebula hiyo hupita karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Bukoba au Muleba. Sehemu kubwa ya watu duniani hawaioni ikiwa juu hivyo. Wavuvi wa dagaa wa Bumbire na visiwa vingine vya Muleba, wanaotoka usiku wa giza kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa zao, wanaipata katika anga jeusi ambalo mkazi wa Dar es Salaam halijui. Chini ya nyota tatu zilizojipanga mstari kuna nyota nyingine ndogo zilizopangana, na ile ya katikati haionekani kuwa nukta kamili. Ina ukungu. Ukungu huo uko umbali wa miaka 1,300 ya mwanga, na ndani na nyuma yake kuna maelfu ya nyota zenye umri wa miaka milioni chache tu. Jua letu lina miaka bilioni 4.6.

Tatizo ni mavumbi. Wingu linalozaa nyota ndilo linalozifunika. Hapa infraredi inasaidia kwa njia ambayo kila jiko la mkaa hutufundisha: majivu yakishafunika mkaa na wekundu ukapotea, kiganja kilichowekwa juu bado kinapata habari kamili ya kilichomo ndani. Mwanaastronomia William Herschel aliligundua jambo hili mwaka 1800 alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopita kwenye kioo, akakiona kinapanda mahali ambapo jicho halikuona kitu. Kwa nyota za Orion faida ni kubwa. Pale ambapo mavumbi yanaupunguza mwanga wa kawaida mara 10,000, mwanga wa mikroni 2.2 hupungua chini ya mara tatu. Nyota iliyokuwa haipo, inakuwepo.

Kwamba nyota changa hazitulii kulijulikana kabla hazijaanza kupimwa kwa infraredi. Mwaka 1936 nyota ya Orion ambayo leo inaitwa FU Orionis ilianza kung'aa, na ndani ya muda mfupi ikazidi mwanga wake wa awali kwa zaidi ya mara 100. Haijarudi ilikotoka mpaka leo. Mwaka 1945 Alfred Joy alikusanya nyota 11 zinazobadilikabadilika bila utaratibu unaoeleweka, zote zikiwa karibu na mawingu ya mavumbi, akazipa jina la nyota iliyokuwa mfano wao, T Tauri. Alikuwa na picha za vioo na macho yake. Baadaye ilifahamika kwamba zile zilikuwa nyota katika utoto wao. Kwa nini zinabadilika, lilikuwa swali jingine, na kulijibu kulihitaji mafundi wa aina tofauti.

Niseme sasa ugumu wa kazi yenyewe, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba darubini huelekezwa tu na namba zikatoka. Katika mikroni 2.2 anga la usiku halina giza. Kiasi cha kilomita 90 juu yetu kuna molekuli zinazotoa mwanga wa infraredi usiku kucha, na mwanga huo hubadilika kwa dakika, kama mawimbi yanayopita. Hewa yenyewe ina joto, kwa hiyo inang'aa. Kioo cha darubini kinang'aa. Vyuma vinavyokishika vinang'aa. Kamera isipopozwa mpaka baridi kali sana, itajipiga picha yenyewe. Matokeo yake, mpimaji wa infraredi anatafuta nyota iliyo hafifu ndani ya anga lenye mwanga maelfu ya mara zaidi ya anga analoliona jicho, na anataka kujua kama nyota hiyo imebadilika kwa asilimia mbili tangu jana.

Anafanyaje? Anapiga picha, anasogeza darubini kidogo, anapiga tena, anasogeza tena. Nyota zinahama kwenye picha, lakini mwanga wa anga hauhami, kwa hiyo picha zikilinganishwa mwanga wa anga unajulikana na kutolewa. Anapiga picha za ukuta uliomulikwa sawasawa ili ajue ni sehemu gani ya kamera inayoona vizuri na ipi ni nzito. Anachagua ndani ya picha ileile nyota nyingine zilizo tulivu, ambazo hazihusiani na wingu, na kuzifanya mashahidi: iwapo nyota zote zimefifia kwa pamoja, basi ni kiwingu chembamba kimepita au unyevu umeongezeka. Iwapo moja tu imefifia na mashahidi wote wamesimama, hapo ndipo anaanza kuamini. Kisha kesho usiku anarudia yote hayo bila kubadilisha chochote. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ustadi ulipo. Kubuni chombo kipya kunahitaji akili. Kukitumia chombo kilekile kwa namna ileile siku 30 mfululizo, bila kuingiwa na hamu ya kukiboresha katikati ya safari, kunahitaji kitu adimu zaidi. Wazee wa mwaka 1976 wangeelewa. Anayebadilisha udongo, mkaa, upepo na mawe kwa mkupuo hatajua ni kipi kilichomharibia chuma.

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika fani hii ni ya John Carpenter, Lynne Hillenbrand na Michael Skrutskie. Walitumia darubini ya kusini ya mradi wa 2MASS, iliyoko Cerro Tololo nchini Chile, yenye kioo cha mita 1.3 tu. Darubini hiyo ilikuwa imejengwa kuchora ramani ya anga zima, ikitumia sekunde 7.8 kwa kila sehemu. Katika miezi ya Machi na Aprili mwaka 2000, kazi ya ramani ikiwa inaelekea ukingoni, waliielekeza mara kwa mara kwenye ukanda mmoja wa Orion, nyuzi 6 kwa urefu na chini ya nyuzi moja kwa upana. Kila mara walipima rangi tatu za infraredi kwa wakati mmoja: mikroni 1.25, 1.65 na 2.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Walikuta nyota 1,235 zinazobadilika, nyingi kwa asilimia 20 hivi kutoka chini hadi juu.

Uzuri uko kwenye zile rangi tatu. Nyota ikififia, sababu zinaweza kuwa nyingi, na kipimo kimoja hakiwezi kuzitenganisha. Tuseme nyota ina doa kubwa la baridi usoni, kama madoa ya Jua lakini kubwa mara nyingi. Inapozunguka, doa linakuja mbele na kuondoka, na mwanga unashuka na kupanda kwa mpango wa siku chache, ukipungua karibu sawa katika rangi zote tatu. Tuseme badala yake ni bonge la mavumbi ya diski limepita mbele yetu. Hapo mikroni 1.25 itafifia zaidi ya mara mbili ya mikroni 2.2, na nyota itaonekana nyekundu zaidi, jinsi Jua linavyokuwa jekundu nyuma ya moshi wa kuchoma mashamba. Na tuseme nyota haijaguswa kabisa, ila ule ukuta wa mavumbi wenye nyuzi 1,200 umepanda au umeshuka kimo. Hapo mabadiliko makubwa yatakuwa kwenye mikroni 2.2, kwa sababu huo ndio mwanga wa ukuta, na mikroni 1.25 itabaki karibu ilivyokuwa. Kwa namba tatu kwa usiku, kutoka kwenye nyota ambayo darubini yao iliiona kama nukta tu, watu hawa waliweza kusema: hii ina doa, hii imepitiwa na vumbi, hii diski yake inatikisika. Madoa yalikuwa ndiyo maelezo ya zaidi ya nusu ya nyota zile. Nyingine zilifanya mambo ambayo hakuna maelezo mamoja yaliyozitosha, na waandishi walisema hivyo bila kuona haya.

Darubini ya ardhini ina kasoro moja ambayo uvumilivu hauitibu. Mchana haioni. Nyota inayozama kwa saa sita na kuibuka inaweza kumponyoka mpimaji kila siku, au kumdanganya kwamba inazunguka kwa siku nane kumbe ni kwa siku moja na kitu. Ndiyo maana setilaiti ya Spitzer ilikuwa neema. Ilirushwa Agosti 2003 ikiwa na kioo cha sentimita 85, na ilipozwa na heliamu. Heliamu ilipokwisha Mei 2009 wengi wangeihesabu kuwa imekufa. Lakini iliifuata Dunia kwa mbali kulizunguka Jua, kwenye baridi ya anga, na mikondo yake miwili, ya mikroni 3.6 na 4.5, ilibaki mizima. Miezi michache baada ya hapo, kikundi kilichoongozwa na María Morales-Calderón na John Stauffer kiliitumia kuitazama Orion kwa siku 40, mara mbili hivi kwa siku. Kati ya nyota changa zenye diski, takriban asilimia 70 zilibadilika. Kati ya zile zisizo na diski, asilimia 44.

Desemba 2011 lilifanyika jambo ambalo kwangu ni kilele. Setilaiti ya Ufaransa, CoRoT, na Spitzer zilielekezwa kwa wakati mmoja kwenye kundi la nyota changa NGC 2264, umbali wa karibu miaka 2,400 ya mwanga. Moja ikapima mwanga wa kawaida, nyingine infraredi, kwa takriban siku 30 bila kukatizwa na mchana wala mawingu. Ann Marie Cody na wenzake walichukua nyota 162 zenye diski wakazipanga kwa tabia zao: zinazozama ghafla na kuibuka, zinazolipuka, zinazopanda na kushuka kama saa, zinazokwenda ovyo. Wengi walitarajia kwamba mwanga wa nyota ukiongezeka, diski iliyo kando yake itapata moto na infraredi itaongezeka pia, kama mwangwi. Kwa baadhi ya nyota ilikuwa hivyo. Kwa nyingi, mistari miwili ilikwenda kila mmoja njia yake. Diski ina maisha yake, na sehemu ya maisha hayo hatuioni kwa mwanga wa kawaida hata kidogo. Nimeitazama michoro hiyo mara nyingi. Ile inayonishika ni ya zinazozama: mwanga umetulia, kisha shimo, kisha umetulia, kisha shimo lenye umbo jingine. Kila shimo ni bonge la vumbi lililopita kati ya nyota na sisi, na mabonge hayo yanazunguka katika eneo la ndani kabisa la diski, kwenye ukingo wa moto.

Mtu wa Kagera ana nafasi gani katika haya? Nitasema wazi: hatutajenga darubini ya infraredi kando ya Ziwa Victoria. Mvuke wa maji hufyonza infraredi, na ziwa letu linatoa mvuke huo kila siku. Chile ina majangwa yake na Hawaii ina milima yake. Hata hivyo Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika historia ya kupima anga linalobadilika. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima mionzi ya eksi kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Na vipimo vya 2MASS na Spitzer, ile mirundo ya namba za nyota za Orion, viko wazi kwenye intaneti bila malipo. Mwanafunzi wa Kamachumu au Rubya mwenye kompyuta na mtandao anaweza kuchagua nyota moja na kuchora mwanga wake mwenyewe.

Wala si lazima vifaa viwe vya serikali kubwa. Januari 2004 Jay McNeil, mpenzi wa anga wa Kentucky nchini Marekani, alipiga picha ya eneo la Orion kwa darubini ndogo yenye lenzi ya sentimita 8 hivi, akaona ukungu uliong'aa ambao haukuwa kwenye ramani. Nyota changa iliyofichika, sasa V1647 Orionis, ilikuwa imeanza kumeza gesi kwa pupa na mwanga wake ukaumulika ukungu ulioizunguka. Aliiona kwa sababu alikuwa analijua eneo lile lilivyokuwa kabla.

Nyota ya mwisho ninayotaka kuitaja iko kwenye kundinyota la Serpens, umbali wa kama miaka 1,400 ya mwanga, na inaitwa EC 53. Klaus Hodapp aliifuatilia katika mikroni 2.2 kwa miaka, akagundua kwamba inawaka na kufifia kwa mzunguko wa takriban miezi 18. Kuanzia Desemba 2015 darubini ya James Clerk Maxwell huko Hawaii, inayopima mawimbi marefu zaidi, ilikuwa ikizitazama nyota za namna hiyo mara kwa mara, na iliiona ikiongezeka mwanga jinsi mzunguko ulivyotabiri. Maelezo yanayokubalika ni kwamba gesi hujikusanya ndani ya diski mpaka ikazidi uwezo wa kushikika, kisha humwagikia nyota, na ukuta wa mavumbi hupata moto. Mlipuko wenyewe huchukua wiki chache kufika kileleni. Miezi inayobaki nyota haifanyi jambo lolote la kuandikia habari, na katika miezi hiyo wapimaji huipima vilevile, kwa rangi zilezile, dhidi ya mashahidi walewale, kwa sababu kima cha mlipuko ujao kitahesabiwa kuanzia hapo.